Mgongo wa hamali ulivyonitoa jasho

Mie kuchomea vyuma sikusomea. Chuo tulifunzwa kuchora na kufinyanga udongo, hii ya vyuma niliingia kichwakichwa tu kwa sababu projekti ya mwisho walitaka kitu kikubwa na pesa ya shaba sina. Nikasema nitaunda sanamu ya hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, anavuta mkokoteni, kachoka lakini hasimami.

Kila mtu akawa mwalimu. Weka macho, weka jasho, watu wanaangalia uso! Nikafuata, nikapinda bati wiki nzima, kikatoka kitu kama sufuria iliyoona jini. Nikakata kichwa nikatupa, nikabandika nati moja kubwa hapo shingoni, basi. Uchovu wa mtu uko mgongoni bwana. Mgongo wenyewe nikapata springi ya lori kwa muuza skrepa, lile bapa lililopinda, yaani nilipoiona tu nikajua ndio huyu. Pamoja na nondo na cheni za pikipiki zilinitoka kama elfu tatu na ushee, disiki za kukatia vyuma sihesabu manake nimevunja mpaka aibu.

Sasa hapo kwa springi. Jamaa mmoja akaniambia ukishachoma mwagia maji ipoe uendelee, usipoteze wakati. Nikamwaga. Ikalia chwaaa, mvuke kila mahali, nikajiona fundi kamili nikapiga picha nikatumia hadi mamangu. Asubuhi nagusa bega kidogo tu, tii! Mkono mzima chini, umekatika kando ya mshono kama biskuti. Nikachoma tena, nikamwaga maji tena (hiki kichwa changu nacho), tii!

Mzee mmoja wa jua kali alicheka mpaka akakaa. "Mwanangu, springi si nondo. Ina kaboni nyingi, ukiipoza ghafla pale ulipochoma panakuwa kama gilasi." Akanionyesha: pasha kwanza kwa makaa mpaka ukiitemea mate yanaruka, choma na rodi za kuchomea aina ya 7018 zilizo kavu si hizi 6013 za mageti, kisha fukia kwenye majivu ya moto uende zako ukalale. Majivu nikaomba kwa mama wa mahamri jirani, akaja kuchungulia, "Wamzika nani wewe?" Kesho yake nikafukua, nikapiga nyundo mara tatu, kimya. Wallahi nilicheza peke yangu.

Na bomba zilizopakwa zinki usichomee ndani ya chumba, ule moshi mweupe ulinitetemesha usiku kucha nikadhani malaria. Eti dawa yake kunywa maziwa. Nilikunywa pakiti mbili nikatetemeka nimeshiba.

Rangi sikupaka. Pwani hapa kutu ni ya bure, nikamwagia maji ya bahari nikamwacha nje wiki mbili, akaiva wekundu mzuri, nikamuosha chumvi kwa maji baridi, akakauka, vanishi.

Nikiwa najisifu hapo nje akapita hamali wa kweli, akazunguka mara mbili kimya. Nikamuuliza, vipi kaka? Akasema mgongo ndio huo, "lakini kisigino hakikai chini hivyo, mzigo utakurudisha nyuma." Akainama akanionyesha na kandambili zake.

Nikaingia ndani kutafuta disiki nyingine.