Babu alipokuja wiki ya mitihani

Babu yangu ni mvuvi wa Vanga, kule Kenya karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, na watu wa namna yake hawaombi miadi. Alinipigia simu akiwa ameshavuka mpaka pale Horohoro kwa kibali cha muda, yuko ndani ya gari la Tanga, anataka kujua Bagamoyo anashukia wapi. Wakati huo nilikuwa karakana ya nyavu, chuo cha uvuvi Mbegani, na ukutani imebandikwa ratiba ya mitihani inayoanza Jumatatu: nyavu, usalama baharini, injini, uchakataji wa samaki, kisha Alhamisi ramani na dira, somo ambalo hunikosesha usingizi.

"Shikamoo babu. Mbona hukusema kama unakuja?"

"Marahaba. Ningesema ungenambia nisije."

Kweli ningemwambia.

Nawaandikia wenzangu mnaosoma ugenini na mmepanga chumba kimoja. Siku ile kila niliyemuuliza nifanyeje alinijibu vilevile: omba ruhusa chuoni. Ruhusa ya nini? Mtihani hauahirishwi kwa sababu babu yako kaja mzima wa afya.

Kabla hajafika nilibisha kwa mama mwenye nyumba. Mgeni wa kulala hatangazwi baada ya kuonekana uani na taulo begani, hasa kwenye nyumba ya choo kimoja. Akanambia mzee wangu ni mzee wetu, akanitolea na godoro la mwanawe aliyeko Dar. Kazi ikabaki kwenye kitanda. Babu alikataa katakata kukilalia, akasema yeye amelala kwenye mbao za mashua ujana wake wote, mkeka unamtosha. Kubishana naye ni kupoteza usiku. Nikamwambia taa iko upande wa chini, nami nitakuwa nasoma hadi usiku wa manane, kwa hiyo akilala pale atanibana. Hapo akapanda kitandani mwenyewe, kwa kuwa sasa ni yeye anayenisaidia mimi.

Usiku huohuo nikamweleza ratiba yote. Wengi wetu tunaona haya kumwambia mzee kwamba hatuna muda naye. Tunazungukazunguka, "nitawahi kurudi babu", halafu haturudi, na mzee anashinda chumbani akisikiliza redio ya jirani. Mimi nilisema: mpaka Alhamisi naondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi magharibi, Ijumaa na Jumamosi ni zako. Hakununa hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: "Na mimi nifanye nini mpaka Alhamisi?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alitaka jembe usiku wa kwanza, na jembe alilolitaka ni mtihani wangu wa nyavu.

Nilikuwa na kipande cha kufanyia mazoezi, sindano ya nyavu na kibao cha kupimia macho, yaani matundu ya wavu. Alivichukua mkononi, kibao akakiweka pembeni, akaanza kufuma kwa kupima na vidole viwili. Vidole vile vimepinda kwa miaka ya mshipi, ungedhani haviwezi kushika hata kijiko, lakini uzi ulikuwa ukipita, unakazwa, unapita, na yeye anatazama dirishani akinisimulia habari za nyumbani. Nilipochukua rula kupima macho yake, yalilingana yote. Taabu ni kwamba fundo lake analianzia upande wa pili. Likishakazwa huoni tofauti, ila msimamizi wa mtihani anatazama mikono, na kutumia kibao kuna alama zake.

Nikamwambia, kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Babu, naomba usinifundishe mpaka Alhamisi."

Alikaa kimya kidogo. "Haya. Lakini hicho kibao ni fimbo ya kipofu."

Jumatatu alfajiri nilikwenda naye msikitini, na ndipo wiki yangu ilipookoka. Baada ya sala nikamtambulisha kwa wazee wa barazani: huyu ni babu yangu, mvuvi, katoka Vanga. Mmoja akauliza Vanga ya kina nani. Nilipomaliza kuvaa viatu walikuwa wameshampata nahodha mmoja, marehemu, ambaye wote wawili waliwahi kusafiri naye. Nikaaga, sidhani kama walinisikia. Kwa mzee wa pwani, baraza la msikiti na bao la alasiri vinamtosha kushinda mchana mzima, na hakuna mjukuu mwenye mazungumzo ya kushindana na hayo.

Chakula nilimalizana na mama lishe wa njia ya msikitini. Nilimlipa ya wiki nzima kabla, chai na vitumbua asubuhi, wali mchana, ili babu asiwe anatoa pesa, maana pesa za Tanzania zilikuwa zinamtia homa. Aliposikia sahani ya wali na samaki ni elfu tatu, alitaka kuondoka. Nikampa hesabu ya haraka: ondoa sifuri moja, kinachobaki gawa kwa mbili, ndiyo shilingi ya Kenya. Elfu tatu inakuwa mia na hamsini. Ilimtuliza kuhusu wali. Kuhusu samaki haikumtuliza kitu: yeye anunue samaki, tena waliokaushwa kwenye mafuta kiasi kile, akiwa hatua chache kutoka baharini!

Dawa, nalitaja kwa kifupi kwa kuwa ni muhimu. Alikuja na vidonge vya presha vya kumfikisha katikati ya wiki tu. Nilichukua paketi yenyewe nikaenda nayo duka la dawa. Jina la dawa na nguvu yake ni vilevile, kampuni tu ndiyo nyingine. Ukipokea mzee, mwombe akuonyeshe paketi siku anayofika.

Soko la samaki alilijua kabla sijamwonyesha. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua limeingia, kwa hiyo maji yalikuwa yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Maji yakitoka, vyombo vinasimama mbali na vijana wanatembea na ndoo za samaki kichwani hadi kwenye mnada. Babu alipanga siku zake kwa maji hayo: asubuhi baraza, saa nne pwani kusikiliza madalali wakipandisha bei ya changu na kolekole, adhuhuri msikiti, wali, usingizi, bao. Mimi nilikuwa na ratiba ya ukutani, yeye ya mwezi, na zilikutana usiku tu.

Jumatano mpango ukataka kuniumiza. Wazee wale sasa ni marafiki, na rafiki humtembelea rafiki. Nilirudi jioni nikiwa na ramani ya bahari ya kuchambua, nikakuta chumba kimejaa kanzu, mmoja kakalia daftari langu la injini. Shikamoo zikapita moja moja. Nisingeweza kuwatoa, na babu nisingemvunjia heshima mbele ya wenzake. Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba. Akatokea mlangoni na kusema kahawa iko tayari, imetengwa barazani kwake, karibuni wazee wangu. Wakaenda wote. Kama unafuata mfano wangu, ukumbuke hilo mapema: mtafutie mzee wako watu, na mahali pa kuwakalisha hao watu.

Alhamisi mtihani wa ramani ukapita. Nilifika nyumbani nimechoka, nikijua kesho nalala hadi saa tatu. Babu alikuwa uani na furushi la wavu, kubwa, limechanika vibaya.

"Wa nani huu, babu?"

"Wa bwana mmoja pale sokoni. Nimemwambia mimi na mjukuu wangu tutaushona. Si ulisema mpaka Alhamisi?"

Ijumaa yangu, baada ya sala ya mchana, iliishia mchangani tukishona nyavu za mtu nisiyemjua, bila kibao, fundo likianzia upande wa babu. Mwenye wavu alitulipa kwa tasi wawili na kolekole mmoja wa kushiba. Babu aliwatia moto mwenyewe, akampelekea mama lishe kipande ili ajue samaki anavyokuwa.

Jumamosi nilimpeleka kwenye magofu ya Kaole, ni njiani ukielekea Mbegani. Msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo aliyatazama akasoma Fatiha, lakini kilichomshika zaidi ni mikoko. Alisimama akiangalia ilivyojaa pale palipokuwa bandari, akasema nahodha wa leo hapati hata pa kutia nanga ya mtumbwi. Baadaye, kwenye gati la chuo, aliuliza nani alikijenga. Nikamwambia Norway ilisaidia. "Walituuliza sisi?" akasema, kisha akataka kuona injini.

Aliondoka Jumapili kwa basi la asubuhi. Sasa ni zamu ya bibi. Ameshapiga simu mara ngapi akiuliza kama chumba kina dirisha. Nimemtumia ratiba ya muhula mzima, wiki za mitihani nimezipigia mstari mwekundu. Babu ndiye atakayemsomea, kwa hiyo sina uhakika ni wiki gani atamwambia aje.