Siku moja na lori la viazi, Timboroa hadi Kisumu

Saa kumi alfajiri. Alamu inalia, mimi na taniboi tumelala kwa kebini, vioo vyote vimelowa kwa ndani na nje nyasi imekuwa nyeupe kama imemwagiwa chumvi. Hapa Timboroa tuko zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na kuna watu Kisumu huniambia ati Kenya hakuna baridi ya kusumbua injini. Waje walale hapa usiku mmoja tu.

Viazi tulipakia jana jioni, magunia 120 ya kilo 50, yanaenda soko la Kibuye. Taniboi anazunguka na tochi kuangalia tairi, kamba na turubai. Mimi nawasha.

Na hapa ndio kuna kazi yenye watu hawaoni. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche, hewa inafinywa ndani ya silinda hadi inakuwa moto ndio mafuta yanashika. Sasa chuma kikiwa baridi hivi kinakula ule moto wote, na huku juu hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hivyo mafuta mengine yanatoka bila kuungua, moshi mweupe unachoma macho na injini inatetemeka kama mtu ameshikwa na malaria. Lori yetu ina hita plagi nne, vile vichuma vya umeme vya kupasha silinda wakati wa kuwasha, moja kwa kila silinda, na leo nasikia kabisa moja imekufa. Inapiga tatu inaruka moja, tatu inaruka moja, hadi kikombe cha chai kinatembea chenyewe kwa dashibodi.

Wakati wa kuwasha huwa nimekanyaga klachi hadi chini ili stata isivute na uzito wa gia boksi. Injini ikishika naiachilia pole pole, gia ikiwa nyutro, na hapo ndio unajua baridi imeingia wapi, kwa sababu sauti inazama karibu izime na lori halijasonga hata inchi moja. Ni oili ya gia boksi. Usiku imekuwa nzito kama asali na injini ndio inaanza kuikoroga. Vijana wengi wanakosea hapa, wanakaa wamekanyaga klachi wakidhani wanaisaidia, kumbe shafti ya ndani imesimama na oili inabaki vile ilikuwa. Toa mguu, iache izunguke, usiipige resi. Mimi naangalia geji ya upepo wa breki ikipanda.

Saa kumi na moja na robo simu ikaanza, ni mama wa Kibuye, mwenye hivi viazi.

"Kijana, umefika wapi?"

"Habari ya asubuhi mama, bado tuko Timboroa, napasha gari."

"Unapasha? Kwani hiyo lori ni mandazi?"

Akakata. Dakika tatu akapiga tena, ati kuna dereva ametoka saa tisa na yake ameshapita Kericho, watu wa hoteli wanakuja saa mbili na wasipopata viazi wataenda kwa jirani, na kama mimi napenda kulala niseme atafute mtu mwingine. Nikajaribu. Nikakanyaga klachi nikasukuma ya kwanza, ikaingia kwa shida, tukasonga mita kama ishirini, ya pili ikakataa kabisa, ikalia kraaa, nikaihisi hadi kwa kiwiko. Nikasimama. Akapiga ya tatu nikamwambia mama sikiliza, nikashikilia simu karibu na gia nikajaribu tena akiwa kwa laini.

"Umesikia?"

"Nimesikia kelele. Leta viazi."

Sikumkasirikia sana, pesa yake iko kwa hayo magunia. Lakini ningetaka aelewe kitu kimoja. Kutoka Mau Summit ukishika barabara ya Kericho unapita Londiani Junction, pale lori lilishinda dereva tarehe 30 Juni 2023 likavamia matatu na watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Mimi hupita pale karibu kila siku na tani sita mgongoni. Mteremko nashuka na gia ndogo na egzosi breki, ile inaziba njia ya moshi ndio injini ishikilie gari, breki ya mguu naigusa tu, kwa sababu ukiikalia inashika moto inaisha. Na kuna madereva wanatoa gia washuke na nyutro ndio waokoe dizeli! Gia ndio inanishikia gari. Nikiiharibu meno asubuhi kwa haraka ya dakika kumi, siku moja nitaitafuta kwa mteremko nikose.

Tulitoka karibu saa kumi na mbili. Kilomita za kwanza polepole, kila gia nakanyaga klachi mara mbili, na jua lilipotoka ya pili ikaanza kuingia kama kisu kwa siagi. Kericho chai na ndazi. Ahero sweta ikatoka, joto.

Kibuye tulifika saa nne imepita. Watu wa hoteli walikuwa wameenda, na mama akasimama mbele ya lori mikono kiunoni akaongea mpaka watu wa mkokoteni wakaacha kushusha kusikiliza. Akakata elfu moja kwa pesa ya usafiri. Sikubishana, nilikuwa nimechoka hadi taya.

Mchana sijui ilienda aje. Nakumbuka fundi na balbu yake ndogo, waya mmoja kwa betri, mwingine anagusisha kichwa cha hita plagi, moja ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu kimya. Ile elfu moja ingenunua mpya. Nikatoa kwa mfuko wangu.

Kupanda tena, lori tupu, mvua kutoka Kericho, taniboi amelala kichwa kwa kioo. Timboroa giza tayari. Nikaegesha kichwa kikiangalia mteremko ndio betri ikikataa tusukume, taniboi akaweka mawe kwa tairi, akafungua maji ya tanki za upepo, zikapumua.

Mama akapiga. "Kijana, kesho uko?"

"Niko mama."

Nikarudisha alamu saa tisa na nusu.