Simba Mdogo Kuliko Punje ya Mchele

Jioni hii nimemaliza kumpaka rangi askari wa mwisho wa kikosi changu cha sanamu ndogo za Waingereza waliopigana na Wafaransa huko Agincourt mwaka 1415, na mkono wa kulia bado unanitetemeka kidogo.

Wapiga mishale hawakunisumbua. Sanamu ya milimita 28, ikishapakwa rangi ya msingi na kukauka, hudai subira tu: kahawia kwa mikanda, kijivu kwa kofia za chuma, kisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, ambayo hutulia kwenye mikunjo ya nguo na kuleta kivuli.

Kazi ilikuwa kwa mshika bendera.

Bendera ya Mfalme Henry V wa Uingereza imegawanywa robo nne: mbili za buluu zenye mayungiyungi matatu ya dhahabu, alama ya Ufaransa aliyodai kuwa ni yake, na mbili nyekundu zenye simba watatu. Hao ni simba sita, na upande wa pili wa kitambaa wanangoja sita wengine.

Simba wa nne alitoka panya.

Nilimfuta mara tatu. Mara ya nne niliegemeza viganja ukingoni mwa meza, nikazuia pumzi, nikagusisha ncha ya brashi mara moja tu, na lile doa la manjano likainua mguu wa mbele likanitazama. Nimemkodolea macho kwa muda mrefu kuliko nilivyotumia kumchora.

Wenzangu, ninyi huchora alama hizi kwa mkono, au hubandika zilizochapishwa?