Blondi, kisogo na maji ya kisima

Nikitoka saluni blondi yangu inang'aa vizuri tu, baada ya wiki kadhaa inaanza kugeuka, njano kwanza halafu shaba kabisa, na kuna shoga yangu lazima aniulize umepaka hina? Hina gani jamani 😂

Wengi wanailaumu blichi eti feki. Wakati nywele zetu nyeusi ndani zimejaa wekundu, blichi inakula weusi kwanza, ndo unaona wekundu, ukiendelea linakuja chungwa, mwisho njano, ukiishia njiani unabaki na hicho ulichofikia. Tona, ile rangi nyepesi wanayopaka juu baada ya blichi, inafunika tu, ikichuja chungwa lako linarudi kukusalimia.

So nyumbani kazi ni kufunika upya. Shampuu ya zambarau kila mtu anaisifia ila ile ni ya kuzima njano, chungwa linataka shampuu ya bluu. Mimi kisogoni ndo kubishi, kwa hiyo kisogo napaka bluu, utosini na mbele zambarau, glavu mkononi la sivyo kucha zinakoma. Dakika tatu hivi na macho kwenye kioo, maana hazishiki sawa, vile vinywele vya kwenye paji vinawahi kunyonya, ukizubaa unatoka na kichwa cha urujuani. Mara moja kwa wiki inanitosha kwa sababu inakausha balaa, nikisuuza tu naweka stimingi ya kulainisha.

Halafu maji! Hapa kwetu tunatumia kisima, na yale maji yana chuma, ndoo nyeupe haimalizi mwezi bila kuweka ule mstari wa kutu ndani. Sasa kama ndoo inakuwa vile, kichwa je? Kutu haitoki kwa zambarau, inataka shampuu ya kutoa madini, au kama mvua imenyesha nakinga dumu langu la kusuuzia, na wifi anicheke tu. Jua la mchana nalo linachujisha, mtandio unanisaidia sana.

Limao sitaki hata kusikia. Limao na jua vinazidi kufungua rangi ya nywele, shaba ndo inapamba moto. Na kama kichwa kizima ni chungwa la kuiva, hapo shampuu haina inachofanya, hiyo ni blichi tena na bora ashike fundi.

Ila shaba siizimi yote. Blondi ya kijivu inanifanya nionekane mgonjwa, rangi ya asali kidogo naiacha makusudi, inakubaliana na ngozi yangu. Bluu imebaki kiduchu, nikienda Kariakoo nachukua nyingine.