Kumi na Tatu kwenye Ukingo wa Ngosi

Tulipofika ukingoni mwa Ngosi, mlima wa volkano mkoani Mbeya, nikahesabu vichwa. Kumi na tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka na kila mtu amejifunika koti la mvua, kwa hiyo nikarudia, safari hii nikigusa bega moja moja. Kumi na tatu. Asubuhi tuliposhuka kwenye kosta pale Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu, niliwahesabu kumi na wanne.

Ilikuwa Jumapili ya Juni 2012, siku ya pili ya mafunzo ya watu wazima waliojitolea kuongoza vikosi vya skauti. Walikuwemo walimu wa shule za msingi, vijana wawili wa kwaya, dereva wa bajaji kutoka Mwanjelwa, na mama mmoja fundi cherehani wa Uyole, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye mjukuu wake alikuwa amejiunga na kikosi kisicho na kiongozi. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimamia mafunzo peke yangu.

Jumamosi nilianza na historia, kwa sababu nilitaka wajue kwamba hata waanzilishi walichelewa kuona kwamba viongozi nao wanahitaji mafunzo. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipiga kambi ya kwanza na wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Kozi ya viongozi pale Gilwell Park haikuanza mpaka 1919. Miaka kumi na miwili watoto wanaongezeka, na watu wazima wanajifunzia kazini! Nilipowaambia kwamba mzee huyo amezikwa Nyeri, hapo Kenya, niliona nyuso zikichangamka, kama vile habari imesogea karibu na nyumbani.

Kisha nikawafundisha kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Yule mama alinitazama, akauficha mkono wake kwenye khanga. "Wa kushoto, mwanangu? Nimpe mtu salamu na mkono huo?" Nikamweleza inavyosimuliwa: mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, ukimpa mwenzako mkono huo umeiweka ngao chini. Akafikiri kidogo, akautoa. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa mkasi.

Mchana nikaandika ubaoni kanuni za kutembea na watoto. Mwenye mwendo mdogo akae mbele, wote wafuate mwendo wake. Mtu mzima mmoja awe wa mwisho, asipitwe nyuma na yeyote. Hesabuni kila mnaposimama na kila njia inapogawanyika. Aliyepotea asimame alipo, apige kitu chochote mara tatu, anyamaze, arudie tena. Waliyanakili yote kwenye madaftari.

Siku ya pili, mlimani, mimi mwenyewe sikufanya hata moja. Sikuweka mtu wa mwisho. Sikuhesabu njiani. Niliona ni watu wazima, kuwahesabu kama kuku ni kuwavunjia heshima. Badala yake kila baada ya muda niligeuka na kuuliza, "Jamani, mko sawa?" Nao wakajibu kwa pamoja, "Tuko sawa!" Mtoto akichoka atakaa chini na kulia, utajua. Mtu mzima mbele ya wenzake hasemi. Yule mama nilimsikia akihema tulipoanza kupanda msituni, nikamuuliza, akasema, "Twende tu, mwanangu." Nami nikalichukua neno lake kama lilivyo, ingawa pumzi yake ilikuwa inasema jambo lingine.

Pale ukingoni tuko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini kabisa ndani ya shimo la volkano, lakini siku ile hatukuliona, ni weupe mtupu. Mwalimu mmoja mzoefu akabaki na wengine, nikawakataza kusogelea ukingo. Mimi, dereva wa bajaji na kijana mmoja wa kwaya tukarudi chini. Njia ilikuwa tope, na kwenye mianzi kuna vijia vya wakata kuni vinavyochepuka huku na kule. Tuliita mpaka koo likakauka. Ukungu unameza sauti.

Dereva ndiye aliyesikia kwanza. Akanishika mkono. "Sikiliza, mwalimu."

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Yule mama alikuwa amebeba sufuria ya chai ya wote. Tulimkuta hatua chache ndani ya kijia kimoja, ameketi juu ya gogo, sufuria magotini, mfuniko mkononi. Alisimama kufunga kamba ya raba, alipoinua macho hakuona mtu. Akajaribu njia moja, akasita, akakaa. Sweta lake lilikuwa limelowa na alikuwa anatetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwili ukizidiwa na baridi huanza kutetemeka, kisha maneno yanalegea, kisha miguu. Kutetemeka kukikoma kabla mtu hajapata joto, hali ni mbaya. Kwa hiyo nikamsemesha nisikie ulimi wake. Dereva akavua sweta lake kavu, tukageuka pembeni akabadilisha, kijana akamkalisha juu ya begi asiguse ardhi. Chupa ya chai ilikuwa kwangu. Akanywa kidogo kidogo, chai ya sukari nyingi. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na neno lilitoka zima.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu.

"Sikuwa na wasiwasi," akanijibu. "Nilijua mtahesabu. Si ulisema jana?"

Sijui niliitikia nini. Nakumbuka nilishika ule mfuniko wa sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wenzetu wakashuka kutukuta, wakifuata sauti ya mfuniko ambao sasa niliupiga mimi. Nikawasimulia wote, bila kuficha lililo langu. Tuliposhuka yeye ndiye alitangulia, kwa mwendo wake, na hakuna aliyempita. Dereva wa bajaji akaomba kuwa wa mwisho. Kila njia ilipogawanyika tulisimama, na namba zikapita kutoka mbele hadi nyuma, kila mtu akitaja yake.

Mama yule alikiongoza kikosi cha mjukuu wake miaka mingi. Niliwahi kwenda nao matembezi upande wa mlima Loleza, na sikumsikia hata mara moja akiwauliza watoto kama wako sawa. Aliuliza, "Nani raba imelowa? Nani maji yamemwishia?" Mikono ikanyooshwa.

Siku ile ya Ngosi tulifika lami jua linazama. "Kumi na nne," dereva akaita kutoka nyuma kabisa.