Siku moja maishani mwangu: kumalizia polishi kwenye gari jeusi, Mwanza

Ninang'arisha rangi za magari kwa mashine katika banda la bati huku Nyakato, na kwa miaka tisa sasa watu wamekuwa wakiniuliza kwa nini ninachukua siku nzima na shilingi 150,000 kwa kazi ya kupaka mafuta. Polishi haipaki kitu. Ndani yake mna chembe ndogo sana za kusagia, na kinachong'aa mwishoni ni rangi yenyewe baada ya kusawazishwa. Naeleza hapa siku yangu ya Ijumaa iliyopita, ili anayetuona tumeinamia boneti ajue tunachokitafuta.

Saa 12:00 asubuhi nilifagia banda na kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie, kwa sababu punje moja ya mchanga ikinaswa kati ya sponji na rangi huchora mikwaruzo kabla hujasikia mlio wake.

Saa 1:30 mzee mmoja aliingia na gari jeusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia kwamba gari hilo ndilo litakalombeba binti yake kesho kwenda kufunga ndoa, hivyo analihitaji saa 8:00 mchana. Nilimjibu kwamba kwa rangi nyeusi nisingeweza kumwahidi kabla ya saa 11:00 jioni. Hakupenda, lakini aliomba kiti akakaa.

Nilipolitoa juani niliona mambo mawili. Kwanza, kila mahali palikuwa na mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, ambayo kwa magari ya huku mara nyingi hutokana na kuoshewa ufukweni kwa sponji iliyoanguka mchangani ikasuuzwa mara moja tu. Pili, kwenye boneti palikuwa na alama pana za mashine zilizokuwa zikicheza kila nilipotembea, kama mwanga juu ya maji ya ziwa. Fundi aliyetangulia alikuwa amekata rangi, yaani kuisaga, kwa dawa kali, akapaka nta juu yake, na nta ilipoondoka makosa yakajitokeza.

Hadi saa 4:00 nilikuwa nimeosha, nimetoa uchafu uliogandamana kwa udongo maalumu, nimebandika utepe kwenye kingo na kupima unene wa rangi. Milango ilisoma maikroni 110 hivi, lakini ukingo wa mbele wa boneti ulisoma 74, na hapo ndipo palipokuwa na mkwaruzo mrefu aliokuwa akiulalamikia mzee. Maikroni 74 ni karibu unene wa unywele mmoja, na ndani yake mna praima (rangi ya msingi), rangi na klia (tabaka angavu la juu) vyote pamoja. Nilimwambia waziwazi kwamba mkwaruzo ule ungebaki, kwa kuwa kuufuata mpaka chini ni kuimaliza klia.

"Fundi, wewe kandamiza tu, ongeza mafuta," alisema, na maneno hayo aliyarudia siku nzima.

Hatua ya kukata ilikwisha kabla ya saa 6:00, na sina mengi ya kusema juu yake. Kazi ninayoipenda, na inayonichosha kuliko zote, ni ile inayofuata, kwa sababu dawa ya kukata huacha ukungu mwepesi ambao kwenye gari jeupe huenda usiuone kabisa, ila kwenye jeusi unaonekana kama pumzi juu ya kioo. Hapo niliiweka kando mashine inayozunguka kwenye mhimili mmoja, nikachukua ile inayozunguka huku ikicheza pembeni, ambayo hairuhusu chembe ipite mstari ule ule mara kwa mara. Nilifunga sponji laini isiyowahi kuguswa na dawa kali, nikatia matone manne ya polishi, kila moja kama punje ya njegere, nikayasambaza kwa spidi ndogo juu ya eneo la nusu mita kwa nusu mita, kisha nikapandisha spidi kidogo na kuiacha mashine iende kwa uzito wake wenyewe, pole pole, kila njia ikilalia nusu ya iliyotangulia. Mkono unalazimika kuizuia isikimbie na isiinuke upande mmoja, na bega ndilo linalolipa gharama hiyo. Polishi ikishakuwa utando unaopitisha mwanga, nafuta, napuliza spiriti iliyochanganywa na maji ili kuondoa mafuta yanayoficha mikwaruzo, namulika kwa tochi, nasafisha sponji kwa brashi, kisha nahamia eneo jingine. Kila mara niliitazama sponji, kwa sababu kwenye gari jeusi lenye klia ikianza kutoka nyeusi ujue umefika kwenye rangi.

Nilikuwa katikati ya paa umeme ulipokatika. Tulihangaika na jenereta muda usiopungua dakika arobaini, na polishi niliyokuwa nimeitandaza ikakauka kwa joto la bati, ikabidi niifute na kuanza upya. Sikuangalia tena saa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu akisema kwamba upande aliposimama tayari panang'aa, kwamba watoto wake wanampigia simu, kwamba binti hatatazama mikwaruzo siku ya harusi yake. Nilimwelewa, nami nina binti. Hata hivyo nilijua kwamba kesho gari lingepigwa picha juani, na ukungu ule ungeonekana katika kila picha.

Mwishowe nilizima mashine, nikampa tochi. Nilimwonyesha mlango uliomalizika na uliokuwa bado, yote ikiwa imefutwa kwa spiriti ile ile. Aliinama akaangalia huku, akaangalia kule, akarudi tena huku, kisha akaenda kukaa bila kusema neno.

Jua lilikuwa limeshalala upande wa ziwa nilipolisukuma gari nje, na huo ndio mwanga ninaouogopa kuliko tochi. Juu ya boneti jua lilionekana duara moja lenye kingo safi, bila utando wowote kulizunguka. Mkwaruzo mrefu ulikuwepo, mwembamba kuliko asubuhi. Mzee aliupitishia kidole polepole.

"Huu ndio ulioniambia?"

"Ndiyo, mzee wangu."

Aliniuliza anunue sponji ya aina gani ya kuoshea. Nilimwambia aachane na sponji, atumie kitambaa cha maikrofaiba na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, na asiliteremshe tena gari ufukweni. Alipoondoka nilizifua sponji zangu moja moja. Maji yalitoka meupe.