Nossen, kwa meya aliyehamisha fedha

Kutoka Dresden nilikwenda kwa basi, maana treni za kawaida za abiria zilikoma kufika Nossen, mji mdogo wa jimbo la Saxony nchini Ujerumani, Desemba 2015. Unapita mashamba mapana, kisha unaiona ngome juu ya mwamba, na mto Freiberger Mulde chini yake. Wageni huja kuona ngome hiyo na magofu ya monasteri ya Altzella. Mimi nilimfuata meya wa zamani, Johann Christian Eberle. Mama mmoja dukani nilikonunua mkate alinisikiliza kwa adabu, kisha akanielekeza ngomeni.

Eberle alizaliwa Laumersheim, magharibi ya mbali, mwaka 1869. Alipokuwa meya hapa, seremala aliyetaka kumlipa muuza mbao wa mji mwingine alibeba fedha mwenyewe au akazipitishia posta. Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani wakati huo, ilihamisha fedha kwa maandishi tangu 1876, lakini wateja wake walikuwa wenye biashara kubwa. Benki za akiba za miji zilibaki za kuweka na kutoa.

Sheria ya hundi ya 1908 iliziruhusu benki hizo kushughulika na hundi. Eberle hakungoja. Mwaka huohuo miji ya Saxony iliunda ushirika, na 1909 malipo yakaanza kutoka daftari la mji mmoja kuingia la mji mwingine bila sarafu kusafiri. Posta nayo ilianza huduma kama hiyo Januari 1909, kwa hiyo hakuwa peke yake sokoni.

Sisi tuliozoea kutuma pesa kwa simu tukiwa kwenye foleni ya daladala tutaliona jambo dogo. Kwangu, kazi ngumu haikuwa hesabu. Ilikuwa kuifanya miji iamini madaftari ya wenzake. Hapo naona umeya ulimsaidia: alizungumza na mameya wenziwe kama mtu anayejua bajeti ya mji mdogo inavyobana. Nilikaa kwenye benchi kando ya mto nikamtumia mwenye nyumba wangu kodi kwa programu ya Sparkasse, mojawapo ya benki hizo za akiba, makusudi kabisa, siku kadhaa kabla ya tarehe yake.

Mwaka 1916 mfumo huo ulipata chombo chake cha Ujerumani nzima. Eberle alifariki 1937. Leo nishani ya juu kabisa ya benki hizo za akiba ina jina lake, na baadhi ya wanaovishwa ni wakurugenzi.